Ugonjwa Huu Umetoka Upande wa Nani?

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, wazazi wenzangu, vijana, na nyote mliofika: nawasalimu, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze kuhusu magonjwa ya kurithi. Nitaanza na swali ambalo wengi wenu mmewahi kulisikia, na baadhi yenu mmewahi kuulizwa huku mkikaziwa macho: "Ugonjwa huu umetoka upande wa nani?"

Kwetu swali hilo liliulizwa miaka mingi. Mdogo wangu alizaliwa mchangamfu kama watoto wengine. Alipokaribia miezi minane, vidole vyake vya mikono na miguu vikaanza kuvimba. Baadaye macho yakawa ya manjano, na usiku akawa analia kwa maumivu ya mifupa. Ulipita muda mrefu kabla hatujaambiwa jina la ugonjwa: selimundu. Jina lilipojulikana, ndugu wa baba walikaa wakahesabu watu wao, walio hai na waliotangulia. Hawakukumbuka hata mmoja aliyewahi kuugua hivyo. Basi wakahitimisha kwamba ameuleta mke. Mama yangu hakuwa na la kujibu. Aliendelea kuikanda miguu ya mwanawe.

Nawaeleza haya mapema ili mjue ninakotoka. Swali lile lina jibu la kweli, na nimekuja kulitoa.

Kwanza tuliweke sawa neno moja: damu. Tunasema fulani ni wa damu yetu, tunasema damu nzito kuliko maji. Kwa kueleza mapenzi ya ndugu, maneno hayo yanatosha. Kwa kueleza urithi yanapotosha, maana yanatufanya tuone kama baba anamimina chake, mama anamimina chake, vinachanganyika, na mtoto anatoka katikati. Hata wataalamu wengi wa karne ya 19 waliamini hivyo. Ingekuwa kweli, tofauti baina ya watu zingekuwa zinafifia kila kizazi, kama rangi inayozidi kuongezwa maji.

Aliyeonyesha kwamba sivyo ni Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alipanda njegere maelfu kwa maelfu, na alichowazidi wenzake ni uvumilivu wa kuhesabu. Alichukua njegere za ukoo wa mbegu za mviringo, akazichavusha na za ukoo wa mbegu zenye mikunjo. Kizazi cha kwanza kikatoa mbegu za mviringo tupu. Mtu mwenye haraka angesema mikunjo imekwisha. Mendel alizipanda mbegu zile, akaziacha zijichavushe zenyewe, na katika kizazi cha pili akahesabu mbegu za mviringo 5,474 na zenye mikunjo 1,850. Ni karibu tatu kwa moja. Na mikunjo iliyorudi haikuwa imepungua hata kidogo. Ilikuwa kamili, kama ya babu na bibi zao.

Naomba mlishike hilo. Kitu kilipita ndani ya kizazi kizima bila kuonekana, kikatokea ng'ambo ya pili kikiwa kile kile. Ndugu wa baba yangu walipohesabu wagonjwa wao na kukosa hata mmoja, walikuwa wanahesabu mbegu za mviringo.

Mendel alichapisha kazi yake mwaka 1866 na akafariki mwaka 1884 bila kuona ikithaminiwa. Ilibidi ifike mwaka 1900 ndipo wanasayansi watatu, kila mmoja kwa njia yake, wakaifufua.

Leo tunajua njegere zile zilikuwa zinatuonyesha nini. Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46, zilizo katika jozi 23. Katika kila jozi, moja ni ya mama na moja ni ya baba. (Idadi hiyo ilithibitishwa mwaka 1956 tu, kabla ya hapo vitabu vilifundisha kwamba ni 48.) Kromosomu ni uzi mrefu sana wa DNA, ile kemikali inayobeba maagizo ya urithi, uliokunjwakunjwa, na sehemu za uzi huo zenye maagizo ya kutengeneza protini za mwili ndizo tunazoziita jeni. Tunazo jeni za aina hiyo takriban 20,000. Kwa kuwa kromosomu ziko mbilimbili, jeni nazo kwa kawaida ziko mbilimbili: unayo nakala ya mama, unayo na nakala ya baba.

Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, jozi hizo hutenganishwa. Kila yai hupata nakala moja tu ya kila jeni. Nakala ipi? Hakuna anayechagua. Mama hawezi kuamua, baba hawezi, na tabia njema ya mmoja wao haibadilishi chochote. Ni sawa na kurusha sarafu, na inarushwa gizani, kabla hata mimba haijatungwa.

Sasa turudi kwenye selimundu, maana ndiyo niliyoishi nayo nyumba moja. Katika kromosomu ya 11 kuna jeni inayoagiza sehemu ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu. Maagizo ya jeni hiyo yana mamia ya herufi, yaani vipande vidogo vya DNA vinavyofuatana kama herufi katika neno. Herufi moja ikibadilika, kipande cha sita katika mnyororo wa protini hiyo kinakuwa kingine. Basi, ni hilo tu. Lakini kwa badiliko hilo dogo, hemoglobini ikishaachia oksijeni huweza kushikana na nyingine na kufanya nyuzi ngumu, na chembe nyekundu ya damu hupinda ikawa kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii hudumu siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano. Tena chembe zilizopinda hukwama kwenye mishipa myembamba, na sehemu iliyokosa damu huuma maumivu ambayo sitajaribu kuyaeleza. Niliyasikia kupitia ukuta.

Nakala ya kawaida huitwa A, na iliyobadilika huitwa S. Mwenye AA hana S ya kumpa mtoto. Mwenye SS anaugua. Katikati yao yuko mwenye AS, naye ndiye wa kumwangalia vizuri. A yake moja inamtosha. Analima, anacheza mpira, anazeeka, na anaweza kuingia kaburini bila kujua kwamba alikuwa na S. Huyo tunamwita mbebaji. Kubeba si kuugua, na hakugeuki kuwa kuugua hata mtu akiishi miaka mia.

AS akimwoa AS, kila mimba ina njia nne zilizo sawa kwa uwezekano. Mtoto anaweza kupata A ya mama na A ya baba. Anaweza kupata A huku na S kule, au S huku na A kule. Au anapata S pande zote. Kwa hiyo kila mimba ina robo ya uwezekano wa AA, nusu ya AS, na robo ya SS.

Siku moja nilimchorea mama yangu njia hizo nne kwenye daftari. Nilikuwa nimeshakua, na baba alikuwa ameshafariki. Aliutazama mchoro, akaweka kidole kwenye herufi S ya upande wa baba, akauliza: "Kwa hiyo na yeye?" Na yeye, mama. Mtoto mwenye SS ana S mbili; hawezi kuzipata zote mbili kwako. Baba hakuwahi kupimwa, na hakukuwa na haja. Mtoto wake alikuwa kipimo tosha.

Hilo ndilo jibu la swali letu kwa magonjwa yote yanayorithiwa kwa njia hii: umetoka pande zote mbili, kwa watu wawili wazima wasio na dalili. Hata pale mtoto anapougua kwa sababu S ya mzazi mmoja imekutana na badiliko jingine la hemoglobini kutoka kwa mzazi wa pili, kama talasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa hemoglobini, bado ni pande mbili.

Kuna jambo moja ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua utotoni. Wengine huiita S laana ya ukoo. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki akionyesha kwamba watoto wenye AS wana kinga dhidi ya malaria. Ndiyo sababu S imeenea hasa katika maeneo ambayo malaria imeua watu kwa karne nyingi: Afrika, sehemu za India, Uarabuni, na pwani za Mediterania. Ilibaki kwa sababu iliokoa. Watoto waliobeba S moja walipona pale ambapo wenzao walizikwa, wakakua, wakazaa. Iliokoa wengi, na ikawatoza wale wachache waliopata mbili. Mdogo wangu alikuwa mmoja wa waliotozwa. Laana haifanyi kazi hivyo.

Sasa kuhusu ile robo. Nimekutana na wazazi walioambiwa "mmoja kati ya wanne", wakapata mtoto wa kwanza mgonjwa, wakapumua: basi watatu wanaofuata ni wazima. Sivyo, wazazi wangu. Sarafu haina kumbukumbu. Kila mimba inaanza upya na robo ile ile. Wenzi walio AS wote wawili wakizaa watoto watatu, uwezekano wa wote watatu kuikwepa SS ni asilimia 42 tu. Na wapo wenye watoto sita bila mgonjwa hata mmoja, jirani zao wakapata wawili mfululizo. Familia hizo mbili hazikutofautiana kwa dhambi wala kwa ibada.

Ualbino nao hurithiwa kwa njia hiyo hiyo ya nakala mbili. Hapa nazungumza kwa uchungu, kwa sababu wanawake wameachwa, wameitwa wazinzi, kwa kuzaa mtoto ambaye ngozi yake haifanani na ya mume. Mtoto yule ndiye ushahidi kwamba huyu baba na huyu mama wote wamebeba jeni moja iliyobadilika. Wanaomkana wanamkana mtoto aliyepokea kwao kwa usawa kabisa. Na ipo aina zaidi ya moja ya ualbino, inayotokana na jeni tofauti. Ndiyo maana watu wawili wenye ualbino wa aina mbalimbali wanaweza kuoana wakapata mtoto mwenye rangi ya kawaida. Hapo pia msimtafute mwizi.

Sio magonjwa yote yanayojificha. Kuna yale ambayo nakala moja iliyobadilika inatosha. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, ni wa namna hiyo: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuurithi. Ukatili wake ni kwamba dalili kwa kawaida huanza kwenye miaka ya 30 au 40, mtu akiwa ameshazaa. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1993, na tangu hapo mtoto wa mgonjwa anaweza kupimwa akajua mapema. Wengi huchagua kutojua. Nawaheshimu, na naamini hakuna mwenye haki ya kuwalazimisha.

Na kuna mabadiliko ambayo hayakutoka upande wowote. Watoto wengi wanaozaliwa na akondroplasia, ile hali ya ufupi wa mikono na miguu, wana wazazi wa kimo cha kawaida. Badiliko limetokea upya, kwenye mbegu au yai moja. Hali ya Down nayo, kwa sehemu kubwa, hairithiwi. Mwaka 1959 ilionyeshwa kwamba watoto hao wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, kwa sababu jozi haikutengana sawasawa. Uwezekano huo huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda, lakini huwapata hata mama wa miaka 20.

Mtaniuliza: je, hakuna ugonjwa unaotoka upande mmoja kweli? Upo, na sitauficha ili hoja yangu ipendeze. Mwanamke ana kromosomu X mbili. Mwanaume ana X moja na Y moja. Jeni iliyo kwenye X ikiharibika, mwanamke kwa kawaida huwa na ya akiba. Mwanaume hana. Ndivyo ilivyo hemofilia, ambapo damu haigandi inavyotakiwa. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mbebaji: mwanawe Leopold alifariki kwa ugonjwa huo mwaka 1884, na kupitia mabinti wa Victoria ukafika katika nyumba nyingine za kifalme za Ulaya, hadi kwa Alexei, mrithi wa mwisho wa kiti cha Urusi. Mtoto wa kiume hupokea X yake kwa mama, kwa hiyo hapo ni kweli, jeni imepitia kwa mama. Lakini hata hapo, takriban theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia kali wanatoka katika familia ambazo hazikuwahi kuwa nayo. Badiliko ni jipya. Na mama aliyebeba naye hakuichagua X ya kumpa mwanawe, kama ambavyo hakuichagua aliyopewa yeye.

Na kwa kuwa tumetaja X na Y: mama hutoa X siku zote. Mbegu ya baba ndiyo yenye X au Y. Nettie Stevens, mwanasayansi wa Marekani, aliliona hilo kwa mbawakawa mwaka 1905. Imepita zaidi ya karne nzima, na bado kuna mwanamke anayeongezewa mke mwenza kwa sababu "anazaa wasichana tu".

Tufanye nini, basi? Kwanza tujue kwamba kurithi jeni si kukatiwa hukumu. Kuna ugonjwa unaoitwa fenilketonuria, ambao usiposhughulikiwa huharibu akili ya mtoto. Unagunduliwa kwa tone la damu la kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, na mtoto akiwekwa mapema kwenye lishe maalumu hukua vizuri. Jeni ni ile ile. Kilichobadilika ni chakula. Watoto wenye selimundu wakitambuliwa mapema hupewa penisilini ya kuwakinga, maana bandama zao huchoka mapema na maambukizi huwaua haraka. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza vipindi vya maumivu. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayohariri jeni ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe. Ni ghali mno, na wagonjwa wengi duniani hawaifikii. Penisilini si ghali. Mdogo wangu hakuipata, kwa sababu hatukujua kwa wakati. Hakufika miaka ishirini.

Pili, kupima. Ombeni kipimo kinachotaja aina ya hemoglobini kwa herufi zake. Kipo kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kama S ipo. Hicho hakitofautishi AS na SS, na hakionyeshi talasemia. Ukiwa umeongezewa damu karibuni, sema, kwa sababu damu uliyoongezewa itachanganya majibu. Mimi nilipima kabla ya kuoa. Kwa kuwa mimi sikuugua, uwezekano wangu wa kuwa mbebaji ulikuwa theluthi mbili, kwani kati ya zile njia nne, ile ya SS ilikuwa imeshaondoka kwenye hesabu yangu. Nikakuta AS. Mke wangu ni AA. Watoto wetu baadhi ni wabebaji, na wanajua, na wanajua pia kwamba hilo si siri wala aibu.

Lakini majibu ya kipimo ni mali ya mwenyewe. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu elimu ya urithi imewahi kutumika vibaya. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu watu walioitwa dhaifu wa akili wafungwe uzazi kwa nguvu, na mwaka 1933 Ujerumani ya Hitler ikatunga sheria yake ya namna hiyo. Waliofanya hivyo walijiona safi. Hakuna aliye safi: kila mmoja wetu humu amebeba mabadiliko kadhaa yaliyojificha, na hatuyajui kwa sababu tu hatujakutana na mwenye yanayofanana na yetu. Kupima kuwe kwa hiari, na majibu yasibandikwe ukutani, wala yasitumiwe na shangazi wala mjomba kuvunja uchumba wa watu.

Kabla hatujaanza, dada mmoja alinivuta pembeni. Ameniruhusu niseme bila kumtaja. Yeye ni AS, mchumba wake ni AS, na arusi iko karibu. Aliniuliza afanye nini. Siwezi kumwamulia. Wengine katika hali hiyo waliachana. Wengine walioana wakakubali ile robo, wengine wakampima mtoto mapema angali tumboni, na wengine wakalea watoto wasiowazaa. Niliweza tu kumwambia kwamba nitabaki kwenye meza ile pale mlangoni mpaka ukumbi ufungwe, na nina karatasi na kalamu. Aliniambia atakuja peke yake, kwa sababu mchumba wake anaona hili ni jambo la upande wa mwanamke.

Dada, kama unanisikia: nenda kamwite. Nitawasubiri wote wawili.